Udaktari Hauanzi kwa Fomu ya Maombi

Ndugu Wanachama,

Kila mwezi wa Julai, matokeo ya Kidato cha Sita yakisha kutangazwa, wazazi wa wilaya hii huanza kuzizunguka ofisi zetu hapa Tukuyu. Huyu ana mtoto atakaye kuwa daktari. Yule ana binti atakaye kusomea meno. Na wote watuuliza neno moja: fomu hujazwaje? Twawajibu kwa heshima, maana ni wazee wetu na majirani zetu. Lakini leo twapenda kusema wazi, katika karatasi hii ya Chama chetu, kwamba swali hilo ndilo la mwisho, nalo limewekwa mahali pa lile la kwanza. Udaktari hauanzi kwa fomu. Huanza katika Kidato cha Kwanza, juu ya meza ya maabara. Na mtoto asiyepita pale, fomu haitamwokoa hata ijazwe kwa wino wa dhahabu.

Yafaa kwanza tueleze jinsi njia yenyewe ilivyo, kwani wengi huisema bila kuijua. Katika nchi ya Marekani kijana humaliza shule ya sekondari, kisha husoma chuo kikuu miaka minne na kupata shahada ya kwanza, ndipo aombe kuingia shule ya udaktari. Ikiwa sekondari yake ilikuwa mbovu, anayo miaka minne ya kuponya ubovu ule. Kwetu Tanzania haiko hivyo. Kijana wetu hutoka Kidato cha Sita, naye huomba udaktari moja kwa moja. Akikubaliwa husoma miaka mitano, kisha hutumika mwaka mmoja hospitali chini ya macho ya wakubwa wake, ndipo Baraza la Madaktari Tanganyika limwandikishe. Daktari wa meno naye ana miaka mitano kama mwenzake. Kwa hiyo ile miaka ya matayarisho ambayo Mmarekani huipata chuoni, mtoto wetu hana. Matayarisho yake ni Kidato cha Tano na cha Sita peke yake, katika mchepuo wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, pamoja na Hisabati ya nyongeza. Na muda huo, kutoka Julai hata mtihani wa mwezi Mei, hautimizi hata miaka miwili.

Tena hata muda huo mfupi hauko mikononi mwetu. Mtoto wa Rungwe akifaulu Kidato cha Nne, Serikali humpangia shule ya Kidato cha Tano popote nchini; leo yuko Tukuyu, kesho yuko Tabora au Kilimanjaro. Hatuna neno la kulalamika juu ya hilo, maana ndivyo watoto wa nchi moja wanavyofahamiana. Lakini maana yake ni hii: kazi ya wilaya katika kumfanya mtoto daktari ni miaka minne tu, Kidato cha Kwanza hata cha Nne. Tukiipoteza hiyo, hatuna nyingine. Basi mtu asemaye, "Mtoto akifika Kidato cha Tano ndipo tutaanza kumshughulikia," huyo asema atampandia mbegu mtoto wake siku ya mavuno.

Ndugu zetu, haya si mambo mageni katika nchi hii. Mwaka 1922 Watumishi wa Serikali Waafrika waliunda chama chao kule Tanga, Martin Kayamba akiwa kiongozi wao. Mwaka ule ule ilifunguliwa Makerere kule Uganda, na mwaka 1924 mafunzo ya udaktari yakaanza huko. Mlango, basi, ulikuwapo. Lakini ni nani kutoka huku kwetu aliyetayarishwa kuupita? Kwa Nyanda za Juu za Kusini Serikali ilifungua shule ya Malangali mwaka 1928, na Mwalimu Mkuu wa miaka ile, W. B. Mumford, alitaka shule ifuate mila za makabila: mavazi ya kienyeji, ngoma, na kutupa mkuki. Twaamini hakuwa na nia mbaya, wala mila zetu hatuzidharau. Lakini mkuki haukufundishi jinsi asidi inavyokutana na alkali, na ngoma haikuonyeshi mishipa ya moyo. Kijana wa zamani zile hakufukuzwa mlangoni pa udaktari. Aliachwa bila matayarisho, na matokeo yalikuwa yale yale. Wengi wakawa madresa na wasaidizi, wakafunga vidonda maisha yao yote chini ya daktari mgeni.

Wachache waliopenya walionyesha kwamba akili haikupungua. Daktari Vedasto Kyaruzi alisoma Makerere, akatibu watu, na mwaka 1950 akawa Rais wa Chama cha Waafrika wa Tanganyika. Lakini walikuwa wachache mno. Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba nchi ilipopata Uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari Waafrika 12 tu. Ndipo mwaka 1963 shule ya udaktari ikafunguliwa Dar es Salaam. Na mwaka 1979 mafunzo ya shahada ya meno yakaanza Muhimbili. Leo viko vyuo vingi: Muhimbili, Moshi, Mwanza, Dodoma na vinginevyo, tena Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki yake ya afya Mbeya, safari ya asubuhi moja kutoka hapa tulipo. Wala asidhani mtu kwamba udaktari si wa watu wa milima hii. Profesa David Mwakyusa, tabibu aliyekuwa Mbunge wa Rungwe Magharibi, ndiye aliyekuwa Waziri wa Afya tangu mwaka 2006 hata 2010. Mlango, basi, u wazi kuliko wakati wowote. Sasa twauliza tena swali la mwaka 1928: ni nani anayetayarishwa kuupita?

Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila shule ya sekondari ya kata ijengewe maabara tatu: ya Fizikia, ya Kemia na ya Baiolojia. Wananchi walichanga fedha, wakabeba mawe na mchanga, na kuta zikasimama. Hiyo ni sifa yao, nasi hatutaifuta. Lakini maabara si kuta. Nyumba yenye meza ndefu na bomba lisilotoa maji, yenye kabati lisilo na chupa hata moja ya asidi, yenye hadubini moja iliyofungiwa sandukuni kwa kuogopa kuvunjika, hiyo si maabara. Ni darasa lililopewa jina la heshima. Na zipo shule ambazo kemikali hununuliwa mtihani ukiwa umekaribia, ili mtoto aguse bureti majuma machache, kisha akaulizwe na Baraza la Mitihani kana kwamba ameishika miaka minne.

Wako wasemao, "Kitabu kinatosha, kila kitu kimeandikwa." Twawajibu hivi. Kitabu chaweza kukuambia kwamba rangi ya waridi hutoweka asidi ikiizidi alkali kwa tone moja. Hakiwezi kuufundisha mkono wako kusimamisha tone hilo kwa wakati wake. Mtihani wa Kidato cha Nne una karatasi ya vitendo, na ule wa Kidato cha Sita una karatasi ya vitendo kwa kila somo la PCB: mtoto hupima kemikali, hupasua chura au panya, hufunga waya za umeme na kusoma vipimo. Aliyezoea tangu udogoni huingia chumba kile kama mtu aingiaye jikoni kwake. Aliyekariri huingia kama mgeni, mkono unamtetemeka, na alama humkimbia. Mchepuo huu hauna huruma, maana nafasi za udaktari ni chache na waombaji ni wengi. Alama moja hutenganisha aendaye Muhimbili na abakiye nyumbani. Basi pengo lile la Kidato cha Kwanza ndilo linalotoa hukumu katika Kidato cha Sita.

Kuna jambo la lugha pia. Mtoto wa shule zetu za Serikali husoma miaka ya msingi kwa Kiswahili, kisha siku moja huambiwa kwamba moyo, ini na figo vina majina mengine, na kila swali litakuja kwa Kiingereza. Mara nyingi mwalimu humwona mjinga wa Baiolojia, kumbe ni mgeni wa lugha. Twawasihi walimu, wenzetu katika utumishi, wasiache Kiingereza kiwe kazi ya mwalimu wa Kiingereza peke yake. Mwalimu wa Kemia amfanye mtoto aandike kwa sentensi zake mwenyewe alichokiona mezani, kila mara. Atakayeandika hivyo miaka minne hatatishwa na vitabu vya chuo.

Sasa twaja kwenye jambo litakaloudhi baadhi yenu, nalo ni masomo ya kulipia. Mzazi aliyekataa kuchangia kemikali ya mwaka mzima yuko tayari kuuza ng'ombe, mtihani ukikaribia, ili mtoto akakae katika chumba chenye watoto wengi waliobanana, akariri majibu ya mitihani ya zamani. Tangu mwaka 2016 ada ya Kidato cha Kwanza hata cha Nne imeondolewa katika shule za Serikali, na tangu mwaka 2022 ya Kidato cha Tano na cha Sita nayo imeondolewa. Wengine wameifasiri neema hii kwamba mzazi hana tena wajibu wowote. Si kweli. Ada imeondoka, wajibu umebaki. Samaki mkunje angali mbichi: shilingi moja iliyowekwa katika chupa ya asidi wakati wa Kidato cha Pili yafanya kazi kuliko kumi zilizolipwa kwa hofu wakati wa Kidato cha Sita.

Yuko na mzazi mwingine, asemaye, "Fizikia si ya wasichana, binti yangu achukue masomo ya kawaida." Huyu hafungi mlango mmoja tu, afunga yote. Bila Fizikia hakuna PCB, na bila PCB binti huyo hataomba udaktari wala meno kwa njia ya Kidato cha Sita. Neno moja la baba katika Kidato cha Pili, lililosemwa kwa wepesi wakati wa chakula, hukata miaka ishirini ya mbele. Na amtazame Profesa Esther Mwaikambo, mmoja wa wanawake wa kwanza wa nchi hii kuwa madaktari, na mmoja wa walioanzisha chama cha madaktari wanawake, MEWATA, mwaka 1987. Kama baba wa watu hao wangalisema hivyo, nani angaliwatibu watoto?

Tena mbona kila mtu ataka jina la Daktari, na hakuna atajaye meno? Mtu wetu mwenye jino bovu huvumilia mpaka shavu limevimba, kisha huja hospitali ling'olewe. Hajui kwamba jino laweza kutibiwa likabaki, kwa sababu mwenye kulitibu ni adimu. Kijana wa Rungwe aliye hodari wa mikono, mwenye jicho kali na subira, angefaa sana kazi hii. Lakini hajapata kuisikia ikitajwa shuleni, hivyo hawezi kuiomba. Asiyejua njia haulizi daraja.

Na lipo daraja jingine ambalo wengi hulidharau. Mtoto aliyekosa alama za kwenda moja kwa moja chuo kikuu aweza kusoma stashahada ya utabibu, akatumika katika kituo cha afya, na baadaye, akiwa na alama nzuri za stashahada na masomo ya sayansi ya Kidato cha Nne, akaomba shahada ya udaktari. Miongoni mwetu wanachama wamo matabibu. Twawaheshimu, wao ndio wanaoamshwa usiku vijijini. Mzazi amwambiaye mtoto, "Ama udaktari, ama urudi shambani," hajui anenalo. Ila twaongeza neno: hata daraja hili huulizia Kemia, Baiolojia na Fizikia ya Kidato cha Nne. Kila njia tuishikayo yaturudisha katika meza ile ile ya maabara.

Twalijua pingamizi la mwisho, nalo si dogo. Watu wasema, "Madaktari waliohitimu wako mitaani, wangoja ajira, kwa nini tuwasumbue watoto?" Ni kweli wapo wanaongoja, na ni aibu, maana wagonjwa hawangoji. Lakini tusichanganye mambo mawili. Kukosekana kwa ajira ni jambo la bajeti, na bajeti hubadilishwa kwa kudaiwa. Ni haki yetu kudai, nasi twadai. Kukosekana kwa watu waliotayarishwa hakubadilishwi kwa bajeti ya mwaka mmoja. Daktari huchukua zaidi ya miaka kumi tangu Kidato cha Kwanza hata kuandikishwa. Siku Serikali itakapofungua nafasi nyingi, wilaya iliyolala haitakuwa na mtu wa kupeleka. Itapokea madaktari kutoka kwingine, wengi wao watu wema, ambao wakipata uhamisho wataondoka. Hospitali ya Makandana hapa Tukuyu, na zile za misheni kule Igogwe na Itete, zastahili kuwa na madaktari wanaokifahamu Kinyakyusa cha bibi kizee anayeeleza maumivu yake.

Hatupendi kulaumu bila kutoa shauri. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi twadai mambo manne.

Kwanza, Halmashauri zetu za Rungwe na Busokelo zitenge fedha za kemikali na vifaa kila mwaka, zikiwa na fungu lake, lisiloguswa kwa safari wala kwa vikao. Na kila shule ipate mtu wa kuitunza maabara.

Pili, kila shule ya sekondari ibandike ubaoni, mwisho wa kila mwezi, hesabu ya vitendo vilivyofanywa na kila kidato katika Fizikia, Kemia na Baiolojia. Shule yenye kazi haitaogopa kuionyesha. Na mzazi akienda kikao cha shule, kabla hajauliza juu ya sare na chakula, aulize: mwanangu amepima asidi mara ngapi mwaka huu, na kwa mkono wake mwenyewe? Akijibiwa, "Aliona mwalimu akipima," aulize tena.

Tatu, wanachama wetu walio madaktari, matabibu, wauguzi na wataalamu wa meno wapange na wakubwa wao Jumamosi moja kila muhula, wawapokee wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne wapendao sayansi, wawaonyeshe kazi ilivyo, kwa kulinda siri na heshima ya mgonjwa. Wengine watakimbia wakiona damu. Na hao pia watakuwa wamesaidiwa, maana watajua mapema.

Nne, na hapa ndipo fomu inapopata mahali pake: tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi yake mwenyewe katika kila chuo, wala si kwa mfumo mmoja wa pamoja kama ilivyokuwa. Bodi ya Mikopo nayo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichothibitishwa na RITA. Na aliyefiwa na mzazi huhitaji cheti cha kifo kilichothibitishwa vivyo hivyo. Wako watoto hodari walioyajua haya dirisha likiwa karibu kufungwa. Sisi tulio katika ofisi ndio tuzijuao karatasi. Chama kiweke meza moja ya maelezo tangu mwezi Januari, wala si Julai, watoto wa Kidato cha Sita na wazazi wao waelezwe vyeti gani vitafutwe mapema. Hakuna atakayetoza senti kwa kazi hiyo. Atakayetoza, jina lake litaandikwa katika karatasi hii.

Twajua kwamba baadhi ya wenzetu wataona tumevuka mpaka, kwamba mtumishi kazi yake ni faili na mshahara. Chama kilichoanza Tanga mwaka 1922 hakikuundwa na watu wa fikira hizo. Waliona kwamba aliyejaliwa kusoma ana deni kwa ambao hawajasoma. Deni letu lina bei inayojulikana: chupa za asidi, bureti kadhaa, hadubini zilizotolewa sandukuni, Jumamosi chache, na meza moja yenye watu waaminifu nyuma yake. Muhula ujao, kabla Kamati haijakutana, kila mwanachama aliye na mtoto au ndugu katika sekondari aende shuleni kwake akasome ubao. Kama hesabu haipo ubaoni, atuletee jina la shule na tarehe aliyokwenda, nasi Kamati tutaipeleka kwa Afisa Elimu kwa barua.

Ni sisi, watumishi wenzenu,
Tukuyu.